Meza za Meli Zilizobaki Lemara

Shwaaa, halafu tik. Ni glasi ya maji inayoteleza juu ya ubao uliopigwa msasa vizuri. Inafika mwisho wa meza, inagonga ukingo na kusimama. Nikifua naisikia. Nikiwa kanisani mahubiri yakiwa marefu naisikia. Miaka yote niliyokaa karakana nimesikia misumeno, randa, jenereta la jirani na mdomo wa Lembris, lakini sauti iliyobaki kichwani ni hiyo ya glasi, kwa sababu kila ilipoteleza tulibana pumzi wote.

Wadogo zangu mnaoanza useremala, Mzee Shabani ndiye aliyeniagiza niwaandikie. Alisema, "Waandikie wewe. Mimi nikiwaambia wanaangalia simu." Basi someni hukohuko kwenye simu.

Mimi naitwa Happiness, ila karakana nzima huniita Hepi. Nimestaafu kabla ya mvi. Kifua changu na vumbi la mninga vilikosana, daktari akasema nichague kimoja. Siku hizi nafuga kuku hapahapa Lemara. Kuku nao wana vumbi lao, lakini hilo sijamwambia daktari. Shule yangu ni ya kidato cha nne na matokeo yake nayajua mwenyewe, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ninyooshewe taratibu.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ililetwa na Kaka Godlisten, yule anayezitafutia karakana za Arusha kazi za mahoteli ya watalii. Alikuja akasimama katikati ya takataka za randa, akafungua simu, akatuonyesha mchoro wa meli.

Ilikuwa meli ya abiria, inajengwa ng'ambo. Hapo mwanzo mimi nilidhani ni kama ile ya kuvusha watu kwenda Unguja, watu wanapanda na vikapu vyao wanashuka. Kaka Godi akasema hapana, hii watu wanaingia wanakaa humo miezi, inazunguka dunia yote. Ndani ina maktaba. Ina bustani yenye miti iliyopandwa kwenye udongo kabisa. Ina kumbi za kulia chakula, na kila ukumbi umepewa jina la mlima, na samani za ukumbi zinatoka kwenye nchi ya mlima huo. Ukumbi mmoja unaitwa Meru.

"Meru huu huu?" Lembris akauliza, akinyoosha patasi upande wa mlima.

"Huu huu."

"Kilimanjaro je, hawakuuona?"

"Kilimanjaro ni ukumbi wa ghorofa ya juu. Umeshachukuliwa na watu wa Moshi."

"Nilijua tu," Lembris akasema. "Hata baharini wametuwahi."

Lembris ni Mwarusha wa Olmotonyi, fundi mzuri wa viungo vya mbao, na hana siku moja aliyowahi kunyamaza kwa hiari. Mzee Shabani ni Mrangi wa Kondoa. Aliingia Arusha kijana, akapata chumba kule mitaa ya zamani karibu na msikiti, na hajatoka tena. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mbao aliisoma kwa kidole gumba. Anaipapasa, anakuambia hapa kuna fundo, hapa itapasuka, hii geuza. Na katika sisi wote hakuna aliyewahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona mimi ni Ziwa Duluti.

Hao ndio watu waliopewa kutengeneza meza za meli.

Sasa kosa letu la kwanza, na msicheke sana. Kwenye mchoro kila meza ilizungukwa na ukingo ulioinuka, kama sinia. Mzee akaiweka simu karibu na pua, akaitazama.

"Huyu aliyechora," akasema, "hajawahi kufuta meza."

Tukamwelewa mara moja. Meza ya kwetu unaifuta kwa kitambaa, makombo unayasukuma hadi mwisho, unayapokea kwa mkono. Ukiweka ukingo, makombo yanakaa, mchuzi unakaa, sisimizi wanakuja. Lembris akasema labda ni meza ya kuchezea bao. Tukajadiliana na kukubaliana kwamba mchoraji alipitiwa. Tukatengeneza meza ya kwanza bila ukingo, bapa, nzuri, mninga unang'aa mpaka unajiona kidevu. Tulijua tumemstiri mtu.

Kaka Godi akaja kuiona. Akaizunguka. Akazunguka tena.

"Mzee, ukingo uko wapi?"

"Tumeuacha. Ulikosewa. Waambie tumewasahihishia."

"Mzee wangu, meli inainama."

"Inainama vipi?"

"Inalala upande huu, halafu inalala upande ule. Mawimbi. Sahani zinaondoka."

"Na watu wanaendelea kula?"

"Wanaendelea."

"Basi ni watu wenye njaa kweli," Mzee akasema, na jioni hiyo akawa na uso wa mtu anayefikiria jambo moja tu.

Mzee Shabani haamini kitu ambacho mkono wake haujakigusa. Kesho yake alivuka barabara kwa mafundi magari, akarudi na springi kuukuu za lori la fuso. Tukazifunga chini ya ubao mpana wa paini, tukapigilia kingo za urefu tofauti, tukaweka glasi za maji juu. Lembris akashika kichwa kimoja cha ubao, mimi cha pili. Tukawa bahari. Wapita njia wakasimama, mama mmoja na ndoo ya mboga akauliza kama ni maombi.

Ukingo mfupi, glasi iliupanda ikaanguka ikavunjika. Ukingo mrefu, glasi ilibaki lakini ukiweka mkono mezani unakukata kifundo. Mzee alikaa kwenye gogo amefumba macho anasikiliza. "Hiyo imegonga ikaruka. Tena. Hiyo imegonga ikakaa. Tena." Mpaka tukapata kipimo ambacho glasi inakuja shwaaa, tik, inatulia. Upande wa ndani tukaulaza kidogo kwa mshazari, maana ukingo uliosimama wima unairudisha glasi kwa hasira. Na kwenye pembe nne za meza Mzee akaamuru ukingo usikutane. "Acheni mlango wa makombo," alisema. Alikuwa hajakubali kabisa kushindwa na mchoraji.

Kaka Godi alituma picha ng'ambo. Wakajibu kwamba vizuri sana, na ule uwazi wa kwenye pembe ni kawaida ya meza za meli tangu zamani. Mzee hakufurahi. Alijua amevumbua.

Baadhi ya meza hizo ziko kwenye mgahawa mmoja mdogo pale njia ya kwenda Njiro. Nendeni mkazione. Mhudumu atawalalamikia kwamba fundi aliyeziwekea ukingo hakuwa na akili. Mnyamazieni tu.

Kabla sijafika kwenye lenyewe, nitoe somo la pumzi ya mbao, maana Mzee atauliza kama nimeliandika. Mbao iliyokatwa bado inakunywa maji na kuyatema. Hewa ya Arusha ni kavu miezi mingi. Sasa mnatengeneza droo huku, inaingia vizuri kama ulimi mdomoni, mnaipeleka penye unyevu, inavimba. Hilo tulilijua kwa maneno, lakini kulijua kwa maneno hakutoshi. Lembris akasema shangazi yake kule Olmotonyi ana banda chini ya miti, mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia mpaka ndani, hata chumvi yake inalia. Tukapeleka huko makabati ya sahani ya ukumbi ule na droo zake, tukayaacha baridi yote.

Siku ya kuyafuata, Lembris akashika kishikio cha droo, akavuta. Haikutoka. Akaweka mguu kwenye kabati, akavuta kwa nguvu za ukoo. Kishikio kikatoka, droo ikabaki, yeye akaenda kukaa kwenye ndoo ya maziwa ya shangazi.

"Mwanangu," shangazi akasema bila kuinuka, "hizo ni droo au mitego?"

Tangu siku hiyo tuliacha nafasi. Ubao mpana ndani ya fremu msiupake gundi pembeni. Uacheni uelee kwenye mfereji wake, ukivimba uwe na pa kwenda, ukisinyaa usipasuke. Na mkinunua mbao mkaambiwa imekauka, kateni kipande, kifungeni ndani ya mfuko wa nailoni mkiweke juani. Mfuko ukitoka jasho ndani, huyo muuzaji mwambieni asante, mwondoke.

Haya. Meza zikaendelea, na siku moja Kaka Godi akaleta neno jipya: kila karakana itoe mtu mmoja. Meza za meli haziwekwi tu, zinafungwa kwenye sakafu, na kule wanataka mtu aliyeziunga ndiye azifunge. Ukumbi ukiwa tayari wataita. Mtu ataenda mpaka kwenye kiwanda cha meli, atakaa kule wiki kadhaa.

Wote tukamtazama Mzee. Mzee akasema, "Hepi ataenda."

"Mzee, mimi?"

"Macho yangu hayafiki. Lembris anaogopa ndege."

"Siogopi," Lembris akasema. "Sijaipenda tu ile tabia yake ya kuwa juu." Halafu akanigeukia, akapiga saluti na msumeno. "Nahodha wa mto Themi."

Nisiwafiche, nilipaa. Nilikuwa mtu wa ndoto tangu shule, kichwa kilishapita madirishani kabla ya kengele. Nikaanza kujiona nimepiga magoti kwenye sakafu ya Ukumbi wa Meru, naingiza skrubu, nje ya dirisha maji hadi mwisho wa macho. Nikafuatilia pasi ya kusafiria, nikaipata. Na hapo nikampigia mama simu, kijijini kwetu Kikatiti.

Mama alisema asante Yesu, akakata. Nilipokwenda wikiendi, Kikatiti yote ilishajua. Alikuwa ameivisha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, sufuria ile ya misiba, ameita jumuiya, mzee wa kanisa amekuja na Biblia. Mama Eliya jirani akaleta koti zito la marehemu mumewe, maana kule ni baridi. Wakaniwekea mikono kichwani wakaniombea safari, nchi kavu na majini. Mtu mmoja alilia. Nilipowaambia kwamba tarehe bado, mama akasema, "Tarehe ni ya Mungu, wewe kula."

Wadogo zangu, kosa ni hapo, na ni kosa la kwetu kabisa. Kwetu mtu akishaombewa safari, ameondoka. Koti ameshapewa, machozi yameshatoka. Kinachotakiwa ni asionekane tena mpaka arudi na picha. Mimi nilikuwa naonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ala, bado upo?"

Mwezi wa kwanza nilijibu kwa kucheka. Niko njiani, nangoja simu. Mwezi wa pili kicheko kilianza kuwa kifupi. Muuza mkaa: bado upo? Kinyozi: we si ulikwenda? Kwaya ya kanisani kwetu huku Lemara walishanitoa kwenye sauti ya pili, wakaweka mwingine, nikaja Jumapili nikamkuta amesimama mahali pangu, tukaangaliana. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya pembeni ya mto, nimejitanda kanga hadi kwenye nyusi. Mtu mwenye miguu yake anatembea kama mwizi wa kuku. Simu ikilia naikimbilia. Isipolia ndiyo vibaya zaidi. Wakati napiga msasa nilikuwa najisahau napiga mahali pamoja, mpaka Mzee anasema, "Hepi, hapo utatokea upande wa pili."

Kitu kilichonimaliza ni picha. Kila Kaka Godi alipokuja nilimwomba anionyeshe meli, na yeye alikuwa na picha mpya anazotumiwa. Ya kwanza, meli ni mbavu za chuma, winchi zimesimama juu yake. Iliyofuata, theluji kila mahali. Baadaye, theluji imeyeyuka, kuna nyasi mbele. Mtu mwingine angeona nyasi. Mimi ni fundi, jicho lilikwenda kwenye kazi. Ubavuni mwa meli palikuwa na ngazi imeegemezwa, na juu yake kipande cha bati la chuma kimening'inia kwenye mnyororo. Kwenye theluji ngazi ilikuwepo hapo. Kwenye nyasi ngazi ilikuwepo hapohapo, na bati lilelile linaning'inia vilevile.

Sikumuuliza Kaka Godi. Nilijua nikimuuliza nitajibiwa.

Nilimfuata Mzee asubuhi, kabla Lembris hajafika na redio yake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umekuja na uso gani huo?"

"Ngazi haijahama."

"Ngazi ipi?"

"Ya kwenye picha ya meli. Tangu wakati wa theluji. Mzee, karakana yenye kazi, ngazi haikai mahali pamoja. Hata yetu, kila siku tunagombana nani kaichukua."

Mzee aliendelea kupapasa ubao uliokuwa mbele yake. Kidole gumba kilikwenda mpaka mwisho, kikarudi.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi tumalize meza."

"Tukimaliza?"

"Tukimaliza tutakuwa na meza," akasema, na akaniomba nimpe randa ndogo.

Nilitaka kumuuliza kama anaamini nitakwenda. Nilimwangalia mgongo wake, lile shati la kaki lililochanika begani ambalo mkewe amelishona mara nyingi, nikaona kwamba na yeye ana kitu anakingojea. Alikuwa ameshawaambia wazee wenzake wa msikitini kwamba mbao yake itazunguka dunia. Basi nikampa randa.

Siku Kaka Godi alipokuja na habari tulikuwa tunaunga meza ya mwisho. Mnajua ile hali: gundi imeshapakwa kwenye ndimi zote na kwenye matundu yote, mmeshaingiza miguu miwili, hakuna tena kwenda chooni. Alisimama mlangoni. Alisalimia. Baada ya kidogo akasalimia tena. Nikajua.

"Mzee, nina neno."

"Sema huku tunafunga."

"Meli imesimamishwa."

"Imesimamishwa na nani?" Lembris akasema. "Si hata haijaondoka."

"Ujenzi. Kampuni imeshindwa. Walitafuta wa kuinunua hivyo hivyo ilivyo, hakupatikana. Wanaikata, iuzwe chuma chakavu."

Mkono wangu ukatoka kwenye klempu niliyokuwa nabania kiungo. Sikuutoa, ulitoka.

"Hepi," Mzee akasema, "kaza."

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia. Kaza, itashika ikiwa imepinda."

Nikakaza. Lembris upande wa pili akakaza. Mzee akapitisha kidole kwenye kila kiungo kuangalia kama kimefunga, na pale gundi ilipochuruzika nikaifuta kwa kitambaa kibichi, kwa sababu ikikauka hapo vanishi haiingii, panabaki baka. Nilifuta viungo vyote. Kaka Godi alisimama muda wote huo ameshika funguo za gari, hakuna aliyemkaribisha kiti. Nilimwonea huruma baadaye. Hakuwa amemdanganya mtu. Picha alizotumiwa ndizo alizotuonyesha, naye alikuwa anaziangalia kwa matumaini, na matumaini hayaoni ngazi.

Klempu ya mwisho ilipokaa, Mzee akajipangusa mikono.

"Huo ukumbi," akasema. "Ulikuwa na madirisha?"

"Mzee?"

"Ukumbi wa Meru. Walioketi wangeiona bahari?"

Kaka Godi akafungua simu, akakuza mchoro, akaufunga. "Pande zote mbili, Mzee."

"Haya."

Habari za hela siziandiki hapa, zilimalizika kwa namna yake na watu bado wanasalimiana. Lembris alisema "Nahodha," halafu akaona haifai. Akavua aproni. "Hepi, twende nikakununulie soda." Tulikwenda dukani tukanywa tumesimama, na mtu yule asiyenyamaza hakusema neno mpaka chupa zikaisha. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Maana kilichokuwa kimebaki ni Kikatiti.

Nilikwenda Jumamosi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anawakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekupa tarehe?"

"Meli haitaisha, mama."

"Haitaisha lini?"

"Haitaisha kabisa. Wanaikata."

Akaliweka panga chini. "Wewe ulikosea kitu?"

"Hapana."

"Huyo mzee wako alikosea?"

"Hapana. Meza zote ziko sawa."

"Sasa kwa nini wakate?"

Jibu la hilo mpaka leo ninalo vipande vipande tu. Nilimwambia waliota kitu kikubwa kuliko mfuko wao. Mama akawatupia ng'ombe mgomba.

"Na koti la Mama Eliya?"

"Tumrudishie."

"Koti halirudishwi. Limeshaombewa." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Kesho unakwenda kanisani na mimi, na tunakaa benchi la mbele."

"Mama, tafadhali. Nyuma."

"Ukikaa nyuma watageuka wote shingo ziwaume. Ukikaa mbele wanakuona mara moja, wanamaliza."

Basi nikakaa mbele. Nilisikia minong'ono ikitembea kwenye mabenchi kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, mpaka ikafika kwa mzee wa kanisa aliyeniwekea mkono kichwani. Ibada ilipokwisha tukasimama nje kupeana mikono, na mama mmoja, simtaji, akaja ameshatengeneza mdomo.

"Jamani, Hepi. Bado upo?"

Mama yangu ni mfupi. Alisogea mbele yangu hata hivyo.

"Yupo," akasema. "Si unamwona?"

Yule mama akasema ndiyo, anamwona. Akaniuliza habari za Arusha, nikamwambia njema. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote hiyo nikasikia njaa.

Jumatatu nilipanda gari la kwanza kurudi mjini, bakuli la loshoro mapajani, mama amelifunga kwa kitambaa. Nilifika karakana kabla ya mtu yeyote nikafungua kufuli.

Mnajua mwiko wa pale, na kama hamjaambiwa mtaambiwa: fundi hali kwenye meza ya mteja na halali kwenye kitanda cha mteja. Meza ni ya mwenyewe tangu mbao ilipopigwa mstari. Hata njaa ikuume vipi utakaa kwenye gogo, sahani magotini. Kwa hiyo meza zile, hata baada ya habari ya Kaka Godi, hakuna aliyezigusa. Zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, na Ijumaa Lembris alikula ugali wake amesimama. Kila mtu alikuwa bado anamngoja mwenye meza. Na mimi nilikuwa bado nina pasi kwenye mkoba, nayo haina hata muhuri mmoja.

Niliivuta turubai ile kutoka kwenye meza moja. Nikaikunja vizuri, nikaiweka kando. Vumbi lililokuwa limeingia nikalifuta kwa kiganja. Nikasogeza stuli, nikaketi, nikaweka bakuli juu ya mninga, nikafungua kitambaa, nikaanza kula.